Nani Mwenye Kosa? Hekima ya Wayunani, Fasihi ya Kiingereza na Mahubiri ya Msibani

1. Utangulizi

Isaka, katika Wilaya ya Kahama, ni mahali pa kushusha na kupakia. Reli itokayo Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, inapita hapo. Na hapo ndipo ilipojengwa bandari kavu ili mizigo iliyotoka Dar es Salaam kwa mabehewa ihamishiwe katika malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo. Mizigo hiyo haikutengenezwa Isaka, wala haiishii Isaka. Lakini mtu wa Isaka anaujua uzito wake, kwa kuwa imepita begani mwake.

Katika makala hii tunakusudia kueleza habari za mzigo wa namna nyingine, yaani hekima ya Wayunani wa kale: jinsi ilivyoingia katika fasihi ya Kiingereza, jinsi ilivyotoka humo ikatufikia kwa Kiswahili, na jinsi inavyotupasa kuitumia sisi tulioitwa kulihubiri Neno la Mungu. Tunajua kwamba wako watakaouliza: Mchungaji mwenye mitaa sita na pikipiki moja ana haja gani na Wayunani? Swali hilo ni halali, na wanafunzi wetu wa theolojia hutuuliza kila mwaka.

Tunalijibu kwa kuanzia msibani. Yeyote aliyehudumu Shinyanga, Kahama au Geita amewahi kukaa matangani akasikia neno likisemwa kwa sauti ya chini: kifo hiki kina mkono wa mtu. Neno hilo likiisha kusemwa, linalofuata ni kuuliza mkono huo ni wa nani. Na sisi sote tunajua kwamba katika kanda yetu swali hilo limeua watu. Wayunani walilishughulikia swali hilohilo karne nyingi kabla hatujalisikia, na mashairi na michezo yao ikawafundisha Waingereza kulishughulikia. Hoja yetu ni kwamba hekima hiyo inaweza kumsaidia mhubiri hadi mahali fulani, kisha humwacha; naye asiyejua ni wapi inamwacha, atapotea pamoja nayo.

2. Hekima tunayoizungumzia

Wengi wakisikia habari za hekima ya Wayunani huwaza falsafa peke yake, yaani Socrates, Plato na Aristotle. Hao ni wakuu kweli, lakini hekima hiyo ilikuwa na milango mingi. Kulikuwa na hadithi fupi za wanyama zinazoitwa kwa jina la Aesop. Kulikuwa na tenzi za Homer juu ya vita vya Troy na safari ya Odysseus kurudi nyumbani. Kulikuwa na tanzia, yaani michezo ya huzuni, iliyotungwa Athene katika karne ya 5 kabla ya Kristo na Aeschylus, Sophocles na Euripides. Tena kulikuwa na maandishi ya Plutarch, Myunani aliyeishi karne ya 1 na mwanzoni mwa karne ya 2 baada ya Kristo, aliyeandika maisha ya watu mashuhuri wa Uyunani na wa Rumi, wawili wawili, ili msomaji awalinganishe na kujifunza mwenendo.

Inafaa wachungaji wajue kwamba Plutarch naye alikuwa kuhani. Alihudumu katika hekalu la Apollo huko Delphi, ambako watu walikwenda kuuliza mambo yaliyofichika. Kwa lugha ya kwetu tungesema walikwenda kupiga ramli. Hata hivyo, penye hekalu hilohilo palikuwa pameandikwa neno linalomtaka mtu ajijue nafsi yake. Hapo mambo mawili yalikaa pamoja: hamu ya kuambiwa siri za nje, na agizo la kujichunguza ndani. Tutaona kwamba ugomvi wa mambo hayo mawili ndio moyo wa tanzia ya Kiyunani.

3. Jinsi hekima hiyo ilivyoingia katika fasihi ya Kiingereza

Waingereza hawakuzaliwa na hekima hii. Waliipokea kutoka nje, na mara nyingi kwa mkono wa pili au wa tatu. William Caxton, aliyeanzisha kazi ya kupiga chapa huko Uingereza, alichapa hadithi za Aesop mwaka 1484; alizitafsiri kutoka Kifaransa, si kutoka Kiyunani. Plutarch naye alipita njia hiyohiyo. Jacques Amyot, ambaye baadaye alikuwa askofu, alimtafsiri kwa Kifaransa mwaka 1559. Kisha Thomas North akakitwaa kitabu hicho cha Kifaransa na kukitia katika Kiingereza mwaka 1579.

Kitabu cha North kilimfikia William Shakespeare. Mchezo wake juu ya Julius Caesar, uliochezwa London mwaka 1599, umejengwa juu ya Plutarch karibu hatua kwa hatua: mwaguzi anayemwonya Caesar juu ya siku yake, ndoto ya mke wa Caesar, na mzuka unaomtokea Brutus usiku. Hotuba kubwa ya Mark Antony mazishini ni tungo ya Shakespeare mwenyewe. Lakini mazishi yale, vazi lenye damu na ghadhabu ya watu vilikwisha kuandikwa na Plutarch.

Wengine walifuata. Francis Bacon aliandika kwa Kilatini, mwaka 1609, kitabu cha kufafanua hekima iliyofichwa katika hadithi za watu wa kale, nacho kikatolewa kwa Kiingereza mwaka 1619. George Chapman alikamilisha kuchapa tafsiri yake ya tenzi zote mbili za Homer mwaka 1616. Na John Milton, mshairi Mkristo, alitoa mwaka 1671 mchezo juu ya Samsoni kipofu katika gereza la Wafilisti. Habari yenyewe ni ya Kitabu cha Waamuzi, lakini umbo lake ni la tanzia ya Kiyunani. Katika dibaji Milton alijitetea kwa kusema kwamba hata Mtume Paulo hakuona haya kuweka mstari wa mshairi wa Kiyunani katika 1 Kor. 15:33. Milton alidhani mstari huo ni wa Euripides. Wataalamu wengi husema ni wa Menander. Hoja yake haibadiliki.

Hapa msomaji aone jambo moja. Mara nyingi huwa tunahesabu elimu ya Wayunani kuwa mali ya Wazungu, nasi kuwa wageni mlangoni. Sivyo. Waingereza nao walikuwa wageni mlangoni. Walipokea, wakatafsiri tafsiri, wakakosea, wakasahihisha, hata mzigo ukawa wao. Waafrika waandikao kwa Kiingereza wamefanya vivyo hivyo. Ola Rotimi wa Nijeria aliitwaa habari ya Sophocles juu ya Mfalme Edipode akaiweka katika nchi ya Wayoruba. Mchezo wake ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1968, na jina alilouita linawaambia watazamaji kwamba lawama isitupiwe miungu.

4. Jinsi ilivyotufikia kwa Kiswahili

Mtoto wa shule ya msingi anayeijua habari ya sungura aliyeruka akayakosa matunda, kisha akayadharau kuwa ni mabichi, amekwisha kukutana na Aesop. Kwa Wayunani alikuwa mbweha na matunda yalikuwa zabibu. Njiani mbweha amekuwa sungura, wala hakuna aliyelalamika. Wamisionari wa Zanzibar walikwisha kuzitia hadithi hizo katika Kiswahili kabla ya karne ya 19 kwisha.

Lakini tendo kubwa zaidi lilifanywa na Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Tabora, kisha Makerere na Edinburgh. Mwaka 1963, akiwa na mzigo wa kuongoza taifa changa, alichapisha tafsiri ya mchezo wa Shakespeare juu ya Caesar. Aliirekebisha, nayo ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ilitoka Mabepari wa Venisi. Basi tuihesabu safari hiyo: Plutarch kwa Kiyunani, Amyot kwa Kifaransa, North kwa Kiingereza, Shakespeare jukwaani, Nyerere kwa Kiswahili. Miaka kama elfu moja na mia nane, na mikono mitano. Kisha mwaka 1971 Samuel Mushi alituletea Mfalme Edipode, na hivyo Sophocles naye akanena kwa lugha yetu.

Kwa hiyo hatuzungumzii jambo la mbali. Vitabu hivi viko katika Kiswahili, na baadhi ya wazee wetu wa usharika waliwahi kuvisoma walipokuwa vijana. Lililobaki ni kuuliza kama vina haki ya kuingia katika chumba cha mhubiri anapojiandaa kwa Jumapili.

5. Kanisa na hekima ya nje

Swali hilo si jipya. Paulo aliposimama Areopago aliwakumbusha Waathene maneno ya washairi wao wenyewe (Mdo. 17:28). Mmoja wa washairi hao ni Aratus, aliyetoka Kilikia kama Paulo mwenyewe. Lakini tuangalie vema: Paulo hakukomea kwa Aratus. Aliendelea hadi toba, hukumu na ufufuo wa wafu, na hapo ndipo wengine walipoanza kudhihaki.

Baada yake, Origen na Augustino waliutumia mfano wa Waisraeli waliotoka Misri wakiwa na vyombo vya dhahabu vya Wamisri (Kut. 12:35–36). Kweli iliyomo katika vitabu vya mataifa, walisema, ni dhahabu ya Mungu. Kanisa na liichukue kwa matumizi mema. Sisi tunaokaa katika ukanda wa dhahabu, kati ya Kahama na Geita, tunauelewa mfano huu kuliko wengi. Mchimbaji mdogo hapeleki mwamba mzima kwa mnunuzi. Huponda, huosha, hukamata chembe, na mengi anayoyatoa shimoni huyatupa. Tena anajua kwamba zebaki ikamatayo dhahabu ni sumu kwa mikono yake mwenyewe. Na Maandiko yanatuonya zaidi: watu waliotoka na dhahabu ya Misri waliitumia kwanza kutengeneza ndama (Kut. 32), ndipo baadaye wakatoa dhahabu kwa ajili ya maskani ya Bwana (Kut. 35). Dhahabu haikumzuia mtu kuabudu sanamu. Yote yalitegemea ilipelekwa wapi.

Luther naye alikuwa na maneno mawili juu ya jambo hili, na wanafunzi wetu hulikumbuka moja tu. Wanakumbuka kwamba mwaka 1517 aliandika hoja kali dhidi ya Aristotle, kwa sababu shule za wakati ule zilimfanya mpagani huyo mwalimu wa neema. Hilo ni kweli. Lakini katika waraka wake wa 1520 kwa wakuu wa Ujerumani, alipotaka vitabu kadhaa vya Aristotle viondolewe vyuoni, alitaka vibaki vile vya mantiki, vya ufasaha wa kunena na vya ushairi, kwa kuwa vingewasaidia vijana kusema na kuhubiri. Na mwaka 1530, alipokaa katika ngome ya Coburg wakati wenzake wakilitetea Ungamo huko Augsburg, alimwandikia Melanchthon kwamba angejenga hapo vibanda vitatu: kimoja cha Zaburi, kimoja cha Manabii na kimoja cha Aesop. Alianza kweli kuzitia hadithi hizo katika Kijerumani, na kazi hiyo ilichapwa baada ya kufa kwake. Mtu yuleyule alimfukuza Myunani mmoja akamkaribisha mwingine. Kwa nini? Kwa sababu Aristotle wa shuleni alikuwa amekaa katika kiti cha Injili, na Aesop alikuwa amekaa mahali pake, akiwafundisha watu wajitazame.

6. Swali la msibani

Sasa turudi matangani. Mtoto amekufa kwa homa, au shimo la dhahabu limeporomoka, au mifugo imekwisha. Watu wanauliza ni nani. Mtu huenda kwa mganga, na ramli chonganishi hutoa jina au dalili. Kwa miaka mingi katika Usukuma dalili hiyo imekuwa macho mekundu ya mwanamke mzee. Sisi tunajua kilichoyafanya mekundu: ni moshi wa jikoni, ambako amepika kwa kinyesi cha ng'ombe kwa sababu kuni zimekwisha. Ametumia macho yake kuwalisha wajukuu, na macho hayohayo yanatolewa ushahidi wa kumwua.

Baadaye likaja jambo jingine la kutisha, pale waganga walipowaambia watafutaji wa mali kwamba viungo vya watu wenye ualbino huleta bahati. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua kijana mwenye ualbino. Serikali ilikuwa imekwisha kuwafutia waganga vibali mwezi Januari mwaka huo. Na sheria inayokataza kumsingizia mtu uchawi imekuwapo tangu 1928. Sheria zipo, lakini sheria ya nchi hufika baada ya maiti. Mhubiri ndiye aliyeketi pale neno linaposemwa kwa sauti ya chini.

Je, hekima ya Wayunani ina la kumwambia? Tutazame habari mbili.

Ya kwanza ni ya mshairi Cinna. Plutarch anaisimulia, Shakespeare ameiweka jukwaani, na Nyerere ameitia katika Kiswahili. Baada ya mazishi ya Caesar, watu waliowashwa moto na hotuba ya Antony wanazunguka mjini kuwatafuta wauaji. Wanakutana na mtu anayeitwa Cinna. Miongoni mwa wauaji yuko mmoja mwenye jina hilo. Huyu waliyemkamata anajitetea kwamba yeye ni mshairi tu. Katika mchezo wa Shakespeare wanalisikia hilo waziwazi, na hata hivyo wanamshambulia. Jina limetosha. Msomaji wa Shinyanga hahitaji maelezo marefu: jina la Cinna na macho mekundu ni kitu kimoja. Kundi la watu lenye uchungu halitafuti ushahidi. Latafuta mwili wa kubeba uchungu wake. Tena tusisahau aliyeliwasha kundi hilo. Alikuwa mnenaji hodari, aliyesimama mbele ya maiti. Sisi nasi husimama mbele ya maiti kila juma.

Ya pili ni ya Edipode. Mji wa Thebe unaangamia kwa tauni. Mfalme Edipode anatuma watu Delphi, na jibu linakuja kwamba yumo mjini muuaji wa mfalme aliyetangulia. Asipoondolewa, mji hautapona. Edipode anamlaani muuaji huyo mbele ya watu wote, anawatuhumu wengine, anachunguza kwa bidii, na kila hatua ya uchunguzi inamrudisha nyumbani kwake. Mwisho wake anatambua kwamba muuaji anayemtafuta ni yeye mwenyewe, na kwamba aliyemwua alikuwa baba yake. Anayatoboa macho yake. Alipokuwa na macho hakuona, alipoona, hakuvumilia.

Ni lazima hapa tuwe waangalifu. Hatusemi kwamba mfiwa aambiwe yeye ndiye sababu ya kifo cha mtoto wake. Bwana wetu aliukataza ukatili huo wazi, wanafunzi walipotaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu (Yn. 9:1–3), na tena alipozungumza juu ya wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Lk. 13:4–5). Tauni ya Thebe ilikuwa na mkosaji, malaria haina. Lakini kuna kosa ambalo msiba wetu unalo kweli, nalo halitajwi katika ramli: kosa la wale waliokaa kikao wakalipitisha jina la bibi, la yule aliyelipa mganga, la jirani aliyesikia usiku akafunga mlango, na la mchungaji aliyejua maneno yanayozunguka mjini, akahubiri juu ya sadaka. Anayemtafuta muuaji wa mji, mara nyingi anakaribia kuwa yeye mwenyewe. Hilo ndilo Sophocles analotuambia, na katika kanda yetu limekuwa kweli mara nyingi mno.

7. Hekima hiyo inapotuacha

Katika Maandiko iko habari inayofanana na ya Edipode kwa namna ya kushangaza. Nabii Nathani alimwendea Daudi akamsimulia juu ya tajiri aliyenyang'anya mwana-kondoo wa maskini. Daudi aliwaka hasira, akamhukumu mtu huyo kufa, kisha akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye (2 Sam. 12:1–7). Mfalme anamhukumu mkosaji asiyemjua. Mkosaji ni mfalme mwenyewe. Mpaka hapa Thebe na Yerusalemu zinakwenda bega kwa bega.

Lakini tazama linalofuata. Edipode akiisha kujijua, hakuna neno jingine kwake isipokuwa giza na uhamisho. Miungu iliyomfunulia kosa haina kitu cha kumpa. Daudi akiisha kukiri, Nathani papo hapo anamtangazia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake (2 Sam. 12:13). Machungu ya tendo lake hayakufutwa, kwa maana mtoto alikufa na upanga ulibaki nyumbani mwake. Lakini Daudi hakuachwa peke yake na ujuzi wa kosa lake.

Kwa lugha ya imani yetu tunasema hivi: tanzia ya Kiyunani, pamoja na fasihi yote ya Kiingereza iliyojifunza kwake, hufanya kazi inayofanana na ya Sheria. Ni kioo. Inamwonyesha mtu uso wake, wakati mwingine kwa nguvu kuliko mahubiri yetu mengi. Lakini kioo hakioshi uso. Injili haimo katika Sophocles, wala katika Plutarch, wala katika Shakespeare kwa kuwa amewasoma hao. Mhubiri atakayewaongoza watu hadi kujijua kwao, kisha akawaacha hapo, atakuwa amewatoboa macho. Naye atakayewaletea msamaha pasipo kuwafikisha hapo, atakuwa amewapa waliomwua bibi yule faraja ya bei rahisi, wala hakuna atakayemlilia bibi.

Tena Injili inafanya jambo ambalo tanzia haikuliwaza. Kundi la watu lilipotaka mwili wa kubeba uchungu wake, alitolewa Yeye asiye na kosa, akasulubiwa nje ya mji. Mungu hakusimama upande wa kundi. Alimfufua aliyeuawa nalo. Kwa hiyo Kanisa likimtazama mwanamke mzee aliyezungukwa usiku, linajua Kristo yuko upande gani wa mzunguko ule.

8. Mashauri kwa wahubiri

Kwanza, tuitumie hekima hii kama mfano, si kama ushahidi. Matangani Isaka hakuna haja ya kulitaja jina la Sophocles. Simulia juu ya mfalme aliyemlaani mwuaji na kumbe anajilaani mwenyewe. Kisha fungua 2 Samweli 12. Wasikilizaji watakwenda pamoja nawe.

Pili, tujihadhari na ufasaha. Luther alitaka vijana wajifunze kunena, na ni vema. Lakini Antony alinena vizuri kuliko wote, na matunda yake yalikuwa damu ya Cinna. Mhubiri ajiulize kabla ya kupanda mimbarini: Watu wakitoka hapa wamewaka moto, watauelekeza kwa nani?

Tatu, vijana wetu na wazisome tafsiri hizi. Kikundi cha vijana cha usharika kinaweza kuigiza habari ya Cinna kwa muda mfupi, bila jukwaa wala mavazi. Kisha wazee waulizwe kama wamewahi kumwona Cinna katika kijiji chao. Tunaamini mazungumzo yatakayofuata yatakuwa na uzito.

Nne, kipimo tulichowapimia Wayunani tuwapimie wazee wetu pia. Wasukuma wana hadithi, mithali na nyimbo zenye kumfanya mtu ajitazame. Haitakuwa haki kumkaribisha Aesop katika chumba cha kujisomea na kumwacha bibi wa Kisukuma mlangoni kwa kuwa hakuchapwa London. Wote wapondwe, waoshwe, na dhahabu iliyomo ipelekwe kwenye maskani.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba hekima ya Wayunani ilipita katika mikono mingi kabla ya kufika kwetu, na kwamba hakuna taifa lililoipokea ambalo halikuwa mwanafunzi kwanza. Tumeona pia kwamba ina neno la kweli juu ya swali linaloua watu katika kanda yetu, na kwamba neno hilo linaishia mahali ambapo neno la Nathani linaendelea.

Nyerere huyohuyo aliyetuletea Cinna, katika uzee wake alizitunga Injili nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi wa Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996. Hivyo mkono mmoja ulitupakulia mizigo yote miwili, hekima ya Athene na hotuba ya Paulo akiwa Athene. Ametuachia sisi kazi ya kuipakia upya kwa ajili ya watu wetu. Safari ijayo tutakapoketi matangani, na mtu akainama sikioni mwetu kusema kwamba kifo hiki kina mkono wa mtu, tusinyamaze, wala tusingoje siku ya mazishi. Tuondoke usiku uleule twende tukakae nyumbani kwa yule ambaye jina lake limeanza kutajwa.